Jicho Lililobebwa na Mwenzake

Wapendwa, niwape habari ya dereva mmoja wa basi la shule kule Korogwe, Mzee Shekiondo. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na kisukari kikamfika machoni. Hospitali wakampiga leza jicho la kushoto, kuziba mishipa iliyokuwa ikivuja, wakamwambia arudi baada ya miezi mitatu wapime kama uvimbe ulioko nyuma ya jicho umepungua.

Hakurudi. Mkewe alimkumbusha kila mwezi, naye alijibu kwamba anasoma gazeti, anaendesha, hajagonga hata kuku. Apimwe nini? Mwezi wa tisa baada ya leza akakubali, ili tu nyumba itulie. Siku hiyo alipeleka watoto shuleni kwanza, ndipo akaenda kliniki.

Akaweka kidevu kwenye mashine. Haikuuma. Daktari, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, akamwonyesha picha mbili. Ya jicho la kulia ilikuwa na kibonde katikati, kama inavyotakiwa. Ya kushoto, pale pa kibonde palikuwa na kichuguu. Akamweleza kuwa uvimbe umezidi hata ule wa kabla ya leza.

Mzee akatabasamu. Akasema mashine imekosea, maana yeye anaona vizuri.

Daktari hakubishana. Alichukua kipande cha karatasi ngumu, akamziba jicho la kulia.

"Niangalie usoni, baba."

Akamwangalia. Aliona masikio. Aliona kola ya koti jeupe. Uso haukuwepo. Penye macho, pua na mdomo palikuwa na doa la kijivu, na sauti ilikuwa ikitoka humo.

Mzee akauliza, "Tangu lini?"

"Sijui, baba. Ungerudi ule mwezi wa tatu ulioambiwa, ningejua. Jicho la kulia limekuwa likimbeba mwenzake."

Mzee akasema polepole, "Asubuhi hii nimeshusha watoto arobaini na wawili. Wanashukia kushoto."

Walimtibu kwa sindano, miezi kadhaa. Uvimbe ulishuka, lakini jicho halikurudi kama zamani, na basi hakuliendesha tena.

Ndugu zangu, msimcheke. Mzee yule hakusema uongo, alikuwa anaona kweli. Na sisi je? Tulitubu mara moja, mwaka ule, tukajiona tumepona. Hapa kanisani tunaimba, tunatoa, tunasalimiana vizuri, na upande huo mzima unatubebea upande mwingine. Hebu uzibe kidogo. Ondoa kanisa, ondoa suti ya Jumapili. Yule msichana anayekupikia, jina la mama yake unalijua? Mkeo alilia lini mara ya mwisho, na ulikuwa wapi?

Wewe hutaweza kujipima. Leo, kabla hujanawa mikono ule, muulize mtu mmoja wa nyumbani kwako: "Ni wapi ambapo sikuoni?" Ukishauliza, nyamaza. Usijitetee. Msikilize mpaka amalize.