Bi Sange na Mgeni wa Chini ya Majani

Sogeeni, watoto, na mnisamehe mapema. Hadithi hii naisimulia vibaya kuliko mtu yeyote hapa mtaani. Sauti yangu ni ya chura mwenye mafua, na kila nikimwigiza Nyati anatoka mbuzi. Vumilieni.

Hapo zamani za kale, wanyama waliukata msitu wao wakauchoma makaa, mpaka kivuli kikawa kitu cha kusimuliwa. Walipochoka kuunguzwa na jua, wakapanda miti upya. Ikakua, ikawa bustani ya wote, na Mzee Nyati akawa mwenyekiti.

Mzee huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: usafi.

"Ngiri!" alimwita mfagizi wake kila alfajiri. "Fagia msitu ung'ae kama ua wa bibi harusi!"

Fyaa! Fyaa! Fagio la chelewa likapita. Kila jani lililoanguka likafagiliwa, likachomwa. Bustani iling'aa kweli! Lakini miti ikaanza kunyauka, na hakuna aliyejua kwa nini.

Yakabaki majani ya kona moja, chini ya mvule. Humo aliishi Bi Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, pamoja na watoto wake wachanga. Asubuhi moja akasikia fyaa, fyaa, inakaribia. Akachungulia. Lo! Ngiri na fagio, na nyuma yake Nyati na kijinga cha moto.

Bi Sange akawaza. Akimbie na watoto wote? Hawezi. Apigane na Nyati? Kichekesho! Akachomoka majanini mbiombio.

"Shhh! Mtamwamsha!"

Nyati akasimama, mguu mmoja hewani. "Nani?"

"Shikamoo, Mzee. Siwezi kusema."

"Marahaba. Sema!"

"Ni mgeni. Amelala chini ya majani haya. Ndiye anayeilisha miti. Akisumbuliwa kabla ya mvua, basi, humwoni tena."

"Ana pembe?"

"Hana."

"Ana mkia?" Ngiri akadakia.

"Wewe na mikia! Hebu tega sikio."

Ngiri akainama. Huko chini watoto wa Bi Sange wakajigeuza: kwacha-kwacha-kwacha.

"Lahaula! Mzee, anageuka!"

Nyati akauzima moto kwa kwato. "Sasa... anataka nini?"

"Anaona baridi, maskini. Mfunikeni majani zaidi. Na maji kidogo. Na maganda ya matunda, kama yapo."

Tangu siku hiyo moto haukuwashwa. Ngiri alifagia kwingine, majani akayaleta kwa mgeni, na maganda ya ndizi, na vijiti vilivyooza. Kila asubuhi alilisalimia lundo: "Umeamkaje, ndugu?" Nyati naye akalinda kutwa nzima, udadisi ukimwasha kuliko kupe.

"Bi Sange, anakoroma? Anajua jina langu? Nichungulie kidogo tu?"

"Mvua, Mzee. Mvua!"

Tone la kwanza lilipodondoka, Bi Sange alikuwa ameshawahamisha watoto upande wa pili wa shina. Nyati akatumbukiza pembe, akafukua, puku-puku-puku! Mgeni hayupo. Udongo tu, mweusi, laini, umemganda kwenye pembe, minyoo ikijinyonganyonga.

"Umenidanganya, kidudu we! Mgeni yuko wapi?"

"Umemtundika kwenye pembe, Mzee. Sasa utazame mvule."

Nyati akainua macho. Mvule ulikuwa umevaa majani mabichi mpaka kileleni. Miti iliyofagiliwa ilisimama mikavu kama fimbo.

Ngiri akalitazama fagio lake. "Mzee, kumbe siku zote tulikuwa tunaipokonya miti sahani, tena wakati wa kula?"

"Nyamaza." Kisha Nyati akanong'ona, "Bi Sange, na ile mingine... tukiitandazia udongo huu?"

"Jaribuni, Mzee. Ila kona yangu muiache."

Wakatandaza. Kona ikaachwa, na majani hayakuchomwa tena.

Msitu haufagiliwi kama ua: jani lililoanguka ni chakula cha jani linalokuja.

Jana nilimsimulia mke wangu hadithi hii, nikiwa nimejilaza chini ya mpera, majani yamenifunika mpaka kifuani, baada ya yeye kuniomba nifagie ua. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanitupia fagio:

"Haya, mgeni, amka. Huu ni ua, na wewe hulishi hata mchicha."