Mgongo wa Salha

Sogeeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa hivi, maana mbele hakuna kicheko.

Mtaani kwetu wako watu watatu. Bi Mgeni ana kumbukumbu. Muulize ulivaa nini siku ya harusi yako, atakwambia. Binti yake mdogo, Tunu, anaweza kukaa kutwa bila kutikisika. Na mkwewe, Chande, ana mkono wa rangi. Mabango ya maduka yote hapa ni yake.

Salha, mke wa Chande na dada yake Tunu, alikufa kwa homa ya siku tatu. Hakuacha hata picha moja. Alikuwa akiona haya mbele ya kamera, maskini.

Basi Chande akatandaza turubai amchore. Bi Mgeni akawa anamsimulia: "Akifua huinama hivi, bega la kushoto chini." Tunu akavaa kanga ya marehemu, akainama juu ya beseni siku kumi na mbili, mpaka kiuno kikamkaza.

Chande akachora. Bi Mgeni akatazama. "Baba, huyu ni Tunu."

Akafuta uso. "Bado ni Tunu." Akafuta mikono, akafuta miguu, hata beseni akalifuta. Ukabaki mgongo tu ulioinama, mkunjo mmoja wa buluu na wekundu wa kanga. Majirani wakaguna, "Makubwa! Mtu mwenyewe yuko wapi?" Lakini Bi Mgeni alipiga yowe: "Salha wangu!"

Arobaini ikafika. Nguo za marehemu ziligawanywa bila neno. Picha ndiyo iliyowagombanisha.

"Tangu msiba macho yangu yanazidi ukungu," alisema mama. "Nyuso zinanipotea, ile rangi naiona. Na bila maneno yangu mngemchora nani?"

Tunu akasema, "Tangu utotoni navaa nguo zilizokwisha kumbana dada. Mgongo ule ni wangu, mama. Na mimi nipewe changu, walau mara moja."

"Nimejaribu kuchora nyingine mara tano, haitoki," alisema Chande. "Nyumba nzima sina pengine pa kumtazama."

Walilia wote, kisha wakanuniana. Wakaniletea mimi picha niamue, kwa kuwa ndimi niliyemwosha Salha siku ya maziko. Mgongo ule naujua, jamani.

Picha nimeigeuzia ukutani, nikiitazama silali. Asubuhi watakuja wote watatu, na mmoja tu ndiye atakayeondoka nayo.

Je, wewe ungempa nani? Semeni basi.