Kichochoro cha Bi Sikudhani

Bwana Mfaume alikuwa ameshauza viwanja vyote vilivyozunguka nyumba yake. Asubuhi moja alimwambia mpangaji wake, Bi Sikudhani muuza vitumbua, "Nataka kodi ya miezi sita mbele, ama uhame."

"Nitahama. Lakini niuzie hicho kichochoro kilichobaki, na mimi niitwe mwenye kiwanja."

"Pale hata kitanda hakienei."

"Nitalala wima."

Bwana Mfaume alicheka, akapokea akiba ya Bi Sikudhani ya kuuza vitumbua, akatia sahihi mbele ya mjumbe.

Kesho yake alitoka kwenda sokoni, akakuta kichochoro kina geti la mabati, Bi Sikudhani kakalia kigoda.

"Sasa nipite wapi?"

"Kwa majirani uliowauzia."

"Wote wameshajenga kuta."

"Basi panga kwangu, bwana. Kodi ni ya miezi sita mbele, ama uhame."