Chungu Kisichokorogwa

Mawe yalipokuwa bado uji wa moto, yote yalikuwa na rangi moja, yakichemka katika chungu kimoja chini ya ardhi. Mpishi alikuwa Misoji, mama wa watoto watatu: Lusangija, Ndalahwa, na kitinda mimba, binti aliyeitwa Nyamizi. Kila mtoto angepewa fungu la uji ule ajijengee kilima. Asiye na kilima angeishi kwa wenzake maisha yake yote.

Misoji akaepua chungu. Lakini Lusangija hakuwa amefika, na katika nyumba ile hakuna aliyegusa chakula kabla ya mzaliwa wa kwanza. Chungu kikaanza kupoa. Nyamizi alipochungulia, aliona chembe nyeusi zikiganda na kuzama, nzito kama chuma.

"Mama, unatuama huu. Nikoroge?"

"Kaka yako hajaja. Ni mwiko, mwanangu."

"Basi nipe huo mwiko nikorogee."

Misoji alicheka, lakini hakumpa.

Lusangija alifika bila haraka, akazamisha upawa hadi chini, kama alivyozoea tangu utotoni, bila kudhani kwamba anamnyima mtu. Akaondoka na weusi wote. Ndalahwa akachota wa kijivu uliofuata. Kilichobaki kilikuwa majimaji meupe, mepesi, yasiyoweza kusimamisha hata kichuguu.

"Usinune, kitinda mimba," Lusangija alisema huku akipigapiga kilima chake. "Chungu si ni kile kile?"

"Chungu ni kile kile, kaka. Tulichopakuliwa sicho."

Hasira ilimpanda Nyamizi. Vilima vya kaka zake vilikuwa vikipoa, na kila vilivyopoa ndivyo vilivyopasuka. Akakibeba chungu, akamimina majimaji yake katika kila ufa. Uji mzito usingepita humo. Wake ulipenya mpaka ndani kabisa.

"Sasa nakaa kwenu," akasema, "na hamnitoi."

Ndiyo maana mawe ya chungu kimoja hayafanani: mengine meusi, mengine ya kijivu, na katikati yake mistari myeupe inayometameta. Siku hizi akina mama wa nchi ile hukoroga kwanza, hata kama mkubwa bado yuko njiani. Na mvua huyala mawe ya akina kaka kidogo kidogo, lakini mstari mweupe hubaki umetokeza, mkali, ukikwaruza kiganja cha anayeupapasa. Majimaji yalipoa zamani. Nyamizi hajapoa.