Mkoba Mbichi wa Zimwi

Paukwa!
Pakawa!
Samaki?
Wa mtoni!
Na ngozi yake?
Nguo ya bibi!

Hapo kale, kando ya mto Amur, nchi ya baridi kali, waliishi Wananai. Walivua samaki, nyama wakala, ngozi wakashona nguo. Msicheke! Nguo nzuri hizo, zenye marembo.

Huko alikuwako msichana, Giokta, aliyelelewa na bibi yake, Alcheka. Siku moja Giokta alikwenda msituni kuchuma matunda. Huku nyuma Zimwi akaingia kijijini na mkoba wake, akaimba:

"Neno, ingia! Neno, ingia! Neno, ingia!"

Basi maneno yote ya Kinanai yakawatoka watu vinywani, yakaingia mkobani. Giokta aliporudi, bibi alifungua kinywa amwite, asiweze. Giokta akalia sana. Nani tena angemwita "mjukuu wangu"?

Akafuta machozi, akaona nyayo kubwa za zimwi zikitoka kijijini, akazifuata. Akamkuta Zimwi kando ya mto, mkoba mapajani, umelowa chepechepe, maneno ya Kinanai yakinong'ona ndani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Na maneno yako nayataka!"

Giokta akautazama mkoba. Ngozi ya samaki, mbichi! Kwao ngozi huanikwa, kisha wanawake huitwanga kwa nyundo ya mti, huitwanga, huitwanga, mpaka ilainike. Zimwi mvivu alichuna asubuhi, akashona mchana.

"Utayapata, babu. Lakini mkoba umelowa, maneno yataoza. Uanike kwanza."

"Nikoke moto?"

"Koka, babu."

"Mkubwa?"

"Mkubwa, babu."

"Niusogeze karibu?"

"Sogeza, babu!"

Basi ngozi ikakauka. Ikakakamaa. Ikapasuka, paa! Maneno yakatoka kwa fujo kama nyuki. Zimwi akayarukia ayadake, akatumbukia mtoni, maji yakamchukua.

Giokta akakimbia nyumbani mbiombio. Kabla hajafika mlangoni akasikia:

"Giokta! Mjukuu wangu, umekula?"

Akamkumbatia bibi, akacheka huku analia.

Maneno machache yalipotelea msituni. Wazee bado wanayatafuta, na kila wakiokota moja humpa mtoto kwanza.

Lugha, wanangu, ni ngozi ya samaki: isipotwangwa kila siku, hukakamaa ikapasuka. Hadithi yangu imeishia hapo. Mimi nimeitwanga, sasa zamu yenu.