Ngozi Iliyochoka Kulalamika

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja na robo jioni. Mvua ya masika ilikuwa imekatika kwa muda wa nusu saa, na maji ya mashamba ya mpunga yalikuwa yamepanda hadi kwenye uzio wa nyumba moja. Ndugu zangu, naomba tuingie uani mwa nyumba hiyo, maana yote yaliyofuata yalianzia pale.

Mjane mmoja alikuwa ameishi humo miaka thelathini na zaidi. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mwanawe wa pekee, aliyefanya kazi mbali, alimleta mkewe ajifungulie kwa mama. Mkamwana huyo alikuwa mzaliwa wa nyanda za juu, kwenye baridi na ukungu. Mimba yake, ya kwanza, Jumanne hiyo ilikuwa imetimiza miezi saba. Katika mizigo yake alikuja na chandarua alichopewa kliniki.

Jioni hiyo alikuwa ameketi mkekani akijikuna. Alianza kiwikoni, akahamia shingoni, akashuka kwenye kifundo cha mguu, akarudi kiwikoni. Vipele vilikuwa vimevimba kama punje za kunde. Mwishowe akauliza, kwa adabu impasayo mkamwana, kama angeweza kurudishiwa chandarua chake. Kwa sababu siku ya pili tu baada ya yeye kufika, mama mkwe alikiazima, akafunikia kitalu cha mpunga ili ndege wasidonoe mbegu.

Mama akamnyooshea mkono.

"Hebu utazame, mwanangu. Unaona kipele hata kimoja? Hapa petu hapana mbu. Baridi ya kwenu ndiyo iliyoidekeza ngozi yako."

"Lakini mama, nawasikia wakilia sikioni."

"Kwa kujikuna huko utasikia hata simba. Haya, mpunga ukiliwa na ndege, mjukuu wangu atakula vipele vyako?"

Majirani wawili waliokuwa wakipepeta mchele walicheka, nao wakaonyesha mikono yao. Yote ilikuwa safi. Sasa nawauliza ninyi mnaonisikiliza: mkamwana angesema nini tena? Alijifunga kanga mpaka viganjani, na tangu siku hiyo akawa anajikuna pasipo watu.

Siku ya tisa baada ya jioni ile, asubuhi, walifika watu wa afya wanaohesabu mbu majumbani. Kazi yao ina utaratibu. Hutandika mashuka meupe sakafuni, hufunga madirisha, hupuliza dawa, husubiri dakika kumi, kisha huokota walioanguka. Katika chumba cha mkamwana waliokota mbu kumi na wanne. Katika chumba cha mama, yule asiye na kipele, waliokota hamsini na mmoja, na wengi wao matumbo yalikuwa mekundu kwa damu. Kisha wakawatoboa vidole wote wawili. Mkamwana, ambaye tangu alfajiri mwili ulikuwa ukimchemka, alikutwa na vimelea vya malaria. Mama, ambaye hakukumbuka mara ya mwisho kupata homa, alikutwa navyo pia.

Mama alibisha. Alidai kwamba mbu wale walikuwa wa mgeni, walimfuata ndani ya mizigo. Mtaalamu mmoja, mwanamke wa rika lake, akachuchumaa mbele yake na kumweleza hatua kwa hatua. Mbu anapouma hutema mate ndani ya ngozi, na vimelea huweza kuingia pamoja na mate hayo. Ngozi ina walinzi wake, chembe hai ndogo mno. Huyatambua mate, huitana, hukusanyika pale palipoumwa. Uvimbe na muwasho ndizo kelele zao. Lakini ngozi ikiumwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, walinzi hao huyazoea mate, wakaacha kupiga kelele.

"Ngozi yako haijawashinda mbu, mama," alimaliza. "Imechoka kuwalalamikia. Damu yako nayo imevizoea vimelea, ndiyo maana huna homa. Mbu wanavinywa kwako, wanampelekea huyu."

Mama aliinuka. Alitoka akaenda kitaluni, akakifungua chandarua kwa mikono yake mwenyewe.

Ndugu zangu, sisi tulioketi kwenye mabenchi haya ya kanisa miaka mingi, tunajikuna wapi? Binti aliyepata mimba tulimwondoa kwenye kwaya; aliyempa mimba anaendelea kupitisha kapu la sadaka, nasi tunaweka sadaka zetu humo bila kuwashwa. Mgeni mmoja alipouliza, tulimwonyesha mikono yetu misafi, tukamwambia atazoea. Je, ile tunayoiita amani ya usharika wetu ni amani kweli, au walinzi wamenyamaza? Na msidhani hasara ni yetu peke yetu. Sisi tumekomaa, hatupati homa. Kinachotembea kutoka kwetu humfikia yule ambaye bado hana kinga, na yule aliyemo tumboni mwake. Anayejikuna leo katikati yetu, msimcheke. Mrudishieni chandarua chake leo hii, kabla hamjaanza kujadili mpunga.

Najua mnataka kuniuliza habari za mtoto. Mkamwana alitibiwa siku ileile, akapona homa. Wiki tano baadaye akajifungua, kabla ya wakati wake. Mama mkwe, sasa bibi, alisimama kando ya mizani, akaona mshale haukufika hata kilo mbili, akamsihi muuguzi apime tena, labda mtoto hakulazwa vizuri. Muuguzi akamlaza upya, taratibu, akasubiri mshale utulie.

Kilo moja na gramu mia tisa.