Mjumbe Wetu ni Mlingoti wa Goli

Futa hicho kicheko usoni. Sijasema hata neno moja na wewe umeshabetua mdomo: "Bibi anatunga." Nitunge nini, na mlingoti wenyewe umesimama pale uwanja wa shule? Nenda kauguse kama huniamini. Anayebisha kabla ya kusikia ni kama anayeonja mchuzi kwa kulamba chungu kwa nje. Kaa chini, na usinikatize.

Hapa Mgugumo tunalima mpunga, na mto umetukata vipande. Daraja hatuna. Kila anayekuja kuomba kura hutujengea moja kwa mdomo, na mvua ya kwanza hulichukua.

Watu wa hadithi hii ni watatu.

Sikudhani ana ulimi. Akikwambia maziwa ni meusi, utakwenda kumkagua ng'ombe.

Mwinjuma ana mgongo. Gunia ambalo wanaume wawili huliinua wakigombana, yeye hulibeba huku akikuuliza habari za nyumbani.

Nyamizi ana chungu. Sisemi anapika vizuri, maana chumvi imemshinda tangu utotoni. Lakini anajua njaa itamshika nani na itamshika lini, kama wengine wanavyojua mvua.

Wote ni wa chama kimoja, na mwaka huu chama kinatafuta mgombea wa urais. Wamebaki wawili, Bwana Mtalemwa na Bi Leokadia. Kila tawi linapiga kura, na upande ulioshinda unatuma mjumbe mmoja kwenye mkutano mkuu. Mmoja tu. Bi Leokadia ametangaza kwamba kila mjumbe wake atakaa naye ana kwa ana na kumtajia haja moja ya watu wake. Ndiyo maana wote watatu ni wa Leokadia. Haja yetu ni daraja, hilo halina ubishi. Ubishi ni kwamba daraja ni moja na vivuko ni vitatu. Atakayekwenda ndiye atakayesema lijengwe wapi.

Sikudhani anataka kivuko cha juu, kwa sababu binti yake alijifungulia ukingoni akingoja maji yapungue, na sasa ana mimba nyingine. Mwinjuma anataka cha kati, kwa sababu mpunga wa huko humea ndani ya magunia ukisubiri kuvushwa. Nyamizi anataka cha chini, ambako watoto huvuka kwenda shule wamevua nguo, madaftari kichwani. Nionyeshe mwongo hapo.

Haya. Mwanzoni tawi letu lilikuwa la Mtalemwa karibu lote. Sikudhani akahamia kwenye mashine ya kukoboa, mahali ambapo kila mtu lazima asubiri zamu yake na hana pa kukimbilia.

"Mtalemwa ni msomi," akasema Mzee Kapalata, amekalia gunia lake. "Nilimsikia redioni. Anaongea huyo!"

"Ulielewa nini, baba?"

"Sikuelewa kitu. Ndiyo maana nikajua ni msomi."

Watu wakacheka. Sikudhani hakucheka. "Alipokuja kwetu alisimama wapi?"

"Ng'ambo."

"Akavuka?"

"Angevukaje na suruali ile? Ilikuwa imenyooshwa, unaweza kukatia nyanya."

"Leokadia alivuka. Sketi kaifunga kiunoni, viatu mkononi."

"Kuvuka na sisi si kutujengea daraja, mwanangu. Hata mbuzi wangu huvuka."

"Kweli kabisa. Lakini kati ya aliyelowa na asiyelowa, nani atakumbuka kwamba maji ni baridi?"

Kapalata akajikuna kidevu. Kila siku ilikuwa hivyo. Mimi mwenyewe nilikwenda pale na mpunga nikiwa wa Mtalemwa, nikarudi na mchele nikiwa wa Leokadia.

Siku ya kura ikafika. Sisi hapa hatuna karatasi, tunapiga mlolongo. Picha ya mgombea inakaa mbele, wewe unasimama nyuma ya unayemtaka, msimamizi anapita akihesabu vichwa. Ukitoka mstarini kabla hajamaliza, kura yako imekwenda. Na iko kanuni ya zamani: anayeshika picha ndiye kichwa cha mstari, na mstari ukishinda, yeye ndiye mjumbe.

Asubuhi hiyo mto ukaamka umejaa. Nusu ya watu wa Leokadia wako ng'ambo, wamesimama kama korongo. Mwinjuma akaingia majini. Akavusha wazee, akavusha wajawazito, akamvusha na Kapalata pamoja na fimbo yake. Na mimi alinibeba.

"Ukiniangusha," nikamwambia, "nitakufa na jina lako mdomoni."

"Bibi, kaza miguu, siasa baadaye."

Tukafika uwanjani, na hapo ndipo tulipofanya ujinga wetu. Nani ashike picha? Sikudhani akaivuta huku, Nyamizi kule, Mwinjuma akaiinua juu wasiifikie. Kila mmoja na watu wake wa kivuko chake wakimshangilia. Mstari ulikuwa karibu kupasuka vipande vitatu mbele ya macho ya watu wa Mtalemwa, wanatucheka. Katibu wa tawi, Hemedi, akaipokonya ile picha, akachukua nyundo, akaipigilia kwenye mlingoti wa goli.

"Basi!" akasema. "Huyu hana ndugu, wala hana kivuko."

Tukapiga makofi. Watu wazima na mvi zetu, tukapiga makofi.

Msimamizi akachelewa. Jua likapanda. Wenzetu wa Mtalemwa walikuwa wamejiandaa: waliinjika pilau upande unakotoka upepo, wakafunua sufuria. Ee, wewe hujasimama juani na tumbo tupu ukapigwa na harufu ya bizari! Mtu wa kwanza akatoka mstarini, "nanawa uso tu." Wa pili akaenda kumtafuta wa kwanza.

Ndipo akatokea Nyamizi na karai la muhogo na maharage. Alikuwa ameliona jambo hilo tangu jana yake, akang'oa shamba lake zima la muhogo, halikubaki hata shina. Akapita mstari mzima akitulisha tumesimama. Chumvi ilikuwa ya kuua mtu. Lakini hakuna mguu mwingine uliotoka.

Msimamizi akahesabu, akarudia kuhesabu. Tumeshinda kwa kichwa kimoja.

"Mjumbe wenu nani?" akauliza. "Kanuni inasema aliyeshika picha."

Tukageuka sote, tukautazama mlingoti.

Msimamizi hakucheka. Akasema jina la mtu mwenye damu limfikie kabla lori la wajumbe halijaondoka, na lisipofika, nafasi inakwenda kwa Mtalemwa. Basi wale watatu wakaja kwangu niamue, kwa kuwa katika tawi hili hakuna aliyezaliwa kabla yangu akabaki na meno ya kusemea.

"Kile kichwa kimoja ni changu," akaanza Sikudhani. "Bila mimi wangekuwa mstari ule mwingine."

"Na waliokuwa ng'ambo wangepigaje?" akauliza Mwinjuma. "Kwa kupunga mkono?"

Nyamizi akasonya. "Mmoja kaongea, mmoja kabeba. Pilau ingewameza wote, mkabaki nyinyi wawili na mlingoti wenu."

"Shoga, muhogo ule wa chumvi unautaja mbele za watu?"

"Uliula, Sikudhani. Na ukaongeza."

"Tupige kura," akasema Mwinjuma.

"Kura ndiyo iliyotuleta hapa," nikamjibu.

Katibu Hemedi, naye hana haya, akasema tuung'oe mlingoti tuupakie.

Nimewasikiliza mpaka masikio yamechoka. Nikiutoa ulimi, mstari unabaki mfupi. Nikiutoa mgongo, nusu yake iko ng'ambo. Nikikitoa chungu, mstari wote uko kwenye sufuria ya Mtalemwa. Na mimi mwenyewe nilishawishiwa, nikabebwa, nikalishwa, na wote watatu wanalijua hilo, kila mmoja ananitazama kama aliyemfadhili.

Wewe hukulishwa wala hukubebwa, na kwenu hakuna mto. Wako hapo kibarazani wanasubiri, wanasukumana kwa viwiko, na lori limeshapiga honi mara moja. Je, wewe ungempa nani safari ile, na daraja likae kwa nani? Usinitazame mimi. Natoka nikawaambie wapunguze kelele. Mlango naufunga, na usiufungue mpaka uwe na jina mdomoni.